Springi Mpya za Kumbebea Mama

Niliondoka Sengerema kwenda Mwanza kwa sababu Mama alikataa kupanda gari langu. Mgongo ulikuwa unamtesa kwa miezi, na daktari wa hapa kwetu alisema lazima apelekwe hospitali ya rufaa, ng'ambo ya maji. Tulijaribu mara moja. Pijo yangu, ambayo tangu nipunguzwe kazi ilikuwa ikibeba magunia ya dagaa kila siku ya Mungu, ilikuwa imelala nyuma, na kwenye kila shimo chuma kiligonga chuma. Hatukufika hata nusu ya njia ya Busisi. Mama, ambaye sijapata kumwona akilia, alilia.

"Sikipandi tena kitu hiki, baba," aliniambia. "Afadhali nife kitandani."

Nikamwahidi kwamba nitalitengeneza.

Busisi nilifika asubuhi. Kivuko kilikuwa upande wa pili, kimekwama kwenye magugu maji, na foleni ya malori ya pamba ilinitangulia. Nilikaa ndani ya gari nikiyatazama majani yale ya kijani yaliyolifunika ziwa, nikajiuliza ni nani aliyetuloga. Tulipovuka hatimaye hadi Kigongo, nilikuwa nimeshakasirika vya kutosha safari nzima.

Kuanzia Usagara kuna lami, au tuseme mabaki yake. Hapo nilipumua kidogo. Niliwaza kwamba kama barabara yote ingekuwa hivi, Mama angekwisha kutibiwa zamani.

Mwanza maduka ya spea yalikuwa yamejaa mpaka barazani. Zamani mtu alihangaikia springi hadi akasahau kwamba ana gari. Siku hizi biashara imefunguliwa, kila kitu kinatoka Dubai, na muuzaji anakuita "bosi" hata kama shati lako limechanika. Lakini wote waliniuliza swali moja: nataka ngumu kiasi gani? Mji mzima unabeba samaki, na springi huko husifiwa kwa ugumu.

Fundi wangu anaitwa Masanja, ana karakana Mabatini. Aliingia chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. Springi moja ya nyuma ilikuwa imekatika. Shokapu zilikuwa zimetapika mafuta yote, na bushi za mpira zilimomonyoka mkononi mwake.

"Unabeba nini siku hizi, kaka?" aliuliza.

"Dagaa. Ila safari hii nataka kumbeba mama yangu. Ni mgonjwa wa mgongo."

Alifuta mikono. "Pole sana. Basi tukuwekee zile ngumu kabisa. Isije ikakukatikia njiani na mgonjwa ndani."

Nani angekataa? Nilimshukuru kwa moyo wote. Kufikia alasiri gari lilikuwa limenyanyua mkia kama jogoo, nikalizunguka nikitabasamu peke yangu.

"Hizi zinapenda mzigo," Masanja aliniambia tulipoagana. "Ukizipakia, utasema umelala kitandani."

Niliona ni maneno ya fundi anayesifia kazi yake.

Kigongo, wakati wa kurudi, walimu wa huku kwetu waliniomba lifti. Nikawakatalia. Mama mmoja mwenye kapu la sato alisogea dirishani.

"Gari tupu hivyo, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Springi ni mpya. Sitaki zichoke kabla sijambeba mgonjwa."

"Marahaba," alisema, akaenda zake.

Baada ya Busisi gari lilianza kuruka. Kila jiwe lilinirusha hadi kichwa kikagusa paa. Nilijidanganya kwamba kitu kipya lazima kwanza kizoee njia.

Kesho yake tulitandika godoro nyuma, tukamlaza Mama. Dada yangu Nyangeta na majirani walikuwa wameshapanda na vikapu vyao ili wamsindikize. Nikawaomba washuke wapande basi, tukutane hospitali, maana nilitaka gari liwe jepesi. Wakashuka bila kunung'unika.

Ukipita nyumba za mwisho kuna jiwe limetokeza katikati ya barabara. Nililipanda polepole mno. Hata hivyo gari liliruka, godoro likaruka, na Mama akaruka pamoja nalo. Safari hii hakulia. Alisema tu, "Nirudishe, baba."

Nikamrudisha. Nilipomshusha alinishika mkono akasema nimejitahidi, na neno hilo liliniuma kuliko matusi. Hakutoka tena nyumbani. Alifariki kabla mvua hazijaisha.

Tulimzika kwa wajomba, kijiji kilicho upande wa Busisi, barabara ileile. Jeneza tuliliweka nyuma. Wajomba wakakaa pembeni yake, Nyangeta na majirani wakajazana mbele na katikati, mpaka ule mkia ukashuka. Nilipolikaribia lile jiwe nilikaza meno na kuushika usukani kwa nguvu zote.

Gari halikuruka. Lilipanda taratibu, likashuka taratibu, na jeneza halikusogea hata kidogo. Tulikwenda hivyo hadi makaburini. Nyangeta, aliyekuwa kando yangu, alifuta macho akasema, "Kumbe linabeba vizuri namna hii."

Hapo nikayakumbuka maneno ya Masanja.

Ndugu mlioko mbali mmeniuliza nimejifunza nini kwenye mahangaiko haya yote. Nimejifunza kwamba springi zile zilikuwa nzima, na fundi hakunidanganya. Zilitaka watu tu. Na asubuhi ile watu walikuwepo, wameshakaa wakimzunguka Mama, nami ndiye niliyewaambia washuke.