Mkono Usioshika Kitasa

Kwenye kasri la baba yake, binti mfalme hakushika kitasa cha mlango. Alifunguliwa, na mfunguaji nilikuwa mimi. Nilipelekwa pale ningali na meno ya utotoni. Yeye akisoma na walimu wake, mimi nakaa nje nalinda viatu. Mchumba wangu alipokuja akaambiwa mtumishi wa binti haolewi. Akaenda zake.

Ufalme ulipoanguka, walimu na mashangazi kila mmoja alishika njia yake. Tukabaki wawili. Tangu hapo tunaishi chumba kimoja ugenini: mimi nafua mashuka ya hoteli, yeye anakaa dirishani. Sasa mgongo wangu umekwisha. Daktari anasema nipumzike, kana kwamba ni mimi niliyekataa.

Nikamwombea binti mfalme kazi ya kukunja mashuka pale hotelini, kazi ya kufanya umeketi. Msimamizi akakubali.

"Aje Jumatatu, mama. Ila taji aliache nyumbani, litaharibu mashine!"

Wenzangu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Jumatatu nilitangulia, nikauacha mlango wa chumba wazi kama kawaida. Baadaye, nikiwa kazini, nikamwona kupitia kioo cha dirisha: amesimama nje ya mlango wa chumba cha kufulia, kidevu juu, anangoja.

"Shoga, bibi yako kaganda," mwenzangu akaninong'oneza. "Si ukamfungulie?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya sabuni. Sikuitoa. Nilitaka, mara moja tu, asukume mwenyewe.

Akageuka, akaondoka. Kabla ya mchana kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Jioni nilimkuta ameketi kwenye ngazi, nje ya chumba chetu. Upepo ulikuwa umeufunga mlango.

"Kule kazini kulikuwa kumefungwa," akasema.

"Mlango ulirudishwa tu, Bibi. Hata mtoto anausukuma."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Nikamwinua, nikauweka mkono wake kwenye kitasa. Laini, kama wa kichanga.

"Bonyeza chini."

Akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Mlango ukafunguka.

"Kesho nenda kwa msimamizi, umwombe kazi yoyote iliyobaki. Uombe mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitalala."

Sikungoja aseme neno. Nilipanda kitandani na nguo zangu za kazi, nikageukia ukutani.