Uso Wangu Ukilia Kwenye Simu

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ya mwaka ule sukari ilipopotea madukani tukawa tunakunywa chai kwa kung'ata ndizi mbivu. Unang'ata, unapiga funda, unameza. Mahindi nayo yalikauka yakiwa bado na ndevu, kwa hiyo mchana tulikula ndizi mbichi na maharage, na jioni maharage na ndizi mbichi. Wenye kalenda wataujua mwaka huo kwa namba yake. Mimi niliishia darasa la nne, naujua kwa tumbo.

Siku hiyo mjukuu wangu Upendo alipanda kwangu, huku juu ya Tengeru, akitokea kwa mama yake Sombetini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Nyuma yake wenzake wanne, mabegi mgongoni, jasho linawatiririka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmefukuzwa wapi?"

"Hatujafukuzwa, bibi. Tunatengeneza muvi."

Nilicheka. Muvi ya nini, na watu watano, na simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni? Kipaza sauti walikuwa wamekifunga kwenye mti wa fagio na kukivisha soksi ili upepo usiingie. Taa yao ilikuwa jua, na shuka jeupe la mama yake Upendo la kuurudisha mwanga usoni mwa mtu. Lakini nakwambia ukweli, wale watoto walifanya kazi. Walikuwa na daftari limeandikwa kila neno la kila mtu. Ilikuwa habari ya wasichana wawili wa sekondari. Mmoja anatoroka shule kwenda kushindana kucheza dansi mjini, bodaboda inamuua njiani. Bibi yake analetewa taarifa akiwa anamenya ndizi. Bibi huyo wakataka niwe mimi.

"Una uso, bibi," Upendo akaniambia.

Nani ataambiwa ana uso akiwa na miaka yangu akatae? Nikaenda kujifunga kitambaa kizuri. Wakanirudisha nikafunge kile kibovu.

Dada yangu Elieshi alikuwepo. Yeye ni mkubwa wangu, aliolewa hapo juu tu, hatua chache kutoka kwangu, na kila siku alishuka tukae pamoja. Alikuwa amekaa kwenye gogo anachambua maharage, anatazama tu.

Tukaanza. Namenya ndizi, mikono imeshaingia utomvu mweusi, anakuja yule binti na taarifa yake, mimi napaswa kulia. Machozi hayakuja. Joshua, yule kijana aliyeshika simu, akasema anipake kitunguu chini ya macho, ndivyo watu wanavyofanya. Nikamtazama. "Kijana, mimi nimezika. Kitunguu peleka jikoni."

Nikamwita Elibariki.

Elibariki ni kifungua mimba wangu. Alikuwa na miaka sita. Homa ilimshika asubuhi, nikamfunga mgongoni nikashuka naye Tengeru kwa miguu, njia nzima namsimulia habari za ndama wetu ili asisinzie. Nilipofika zahanati nesi akamfungua mgongoni kwangu, akanitazama, akamfunika uso. Mpaka leo sijui ni kuanzia wapi nilikuwa namsimulia maiti. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote zaidi ya Elieshi. Ndilo nililolichukua siku ile nikalileta kwenye ndizi zangu, mbele ya watoto waliokuwa wanatafuna miwa. Nililia, mwanangu. Nililia hadi yule binti wa taarifa akasahau maneno yake.

"Bibi, tena," Joshua akasema. "Honi ya lori imeingia."

Nikamwita tena Elibariki, akaja. Wakasema jua limejificha nyuma ya wingu, tena. Akaja. Mara ya nne machozi yalitoka yenyewe kabla hawajaanza.

"Subiri bibi, sijawasha!"

Nikayazuia, kama mtu anayezuia mkojo. Akawasha, nikayaachia. Wakanipigia makofi. Nami nikafurahi, nikainama kama mtu wa jukwaani.

Walipokwenda kula, Elieshi akaweka ungo chini. Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Umemtoa mtoto kaburini ukawapa wale wacheze naye."

"Nimewasaidia mjukuu wangu na wenzake."

"Wasaidie kwa kitu kingine. Yule tulimzika."

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilijibu upumbavu. Nilimwambia, "Wivu tu huo. Wamenichagua mimi kwa sababu bado nina meno ya mbele."

Elieshi hakuwa na hata jino moja mbele. Alifunga mdomo, akaukumbatia ungo wa maharage kifuani, akapanda kwake. Kesho yake hakushuka. Keshokutwa hakushuka. Nikasema atashuka mwenyewe akichoka, mimi ndiye msanii bwana, siendi kumbembeleza mtu.

Muvi iliisha baada ya wiki kadhaa. Sasa wakaanza kuitangaza, na hapo ndipo nilipojua kuwa kutengeneza ni kazi ndogo. Walibandika makaratasi kwenye kuta za Sombetini, mvua ikayalowesha. Walisimama sokoni Tengeru na spika, wakapigiwa kelele na wauza nyanya kuwa wanawafukuzia wateja. Walikwenda hadi Njiro kugonga mageti ya watu, walinzi wakawatazama juu mpaka chini. Wakaomba kibanda kimoja cha kuonyeshea mpira, siku ambayo hakuna mpira. Walikuja watu wachache, nusu yao ndugu zetu, na mmoja alikuwa amelala. Upendo alirudi kwangu hajala. Alikaa jikoni anachora chini kwa kijiti. Iliniuma kumwona.

Ndipo wakapata akili yao. Walikata kile kipande changu, uso tu na mdomo wazi na chozi linashuka, wakakifanya stika ya kutumiana kwenye simu. Chini yake wakaandika BIBI KAUMIA na jina la muvi kwa herufi ndogo. Waliniuliza? Waliniuliza. "Bibi, tukitumie kipande chako kutangaza?" Nikasema tumieni. Sikuuliza kitumike vipi, nilitaka tu yule mtoto ale.

Kile kitu kilikimbia kama moto wa nyasi kavu. Timu ya watu ikifungwa, wanatumiana mimi. Mpenzi akimwacha mtu, mimi. Umeme ukikatika, mimi. Herufi ndogo za jina la muvi hakuna aliyezisoma. Kijana wa bodaboda akanisimamishia pikipiki barabarani: "Shikamoo bibi! Jana tumepigwa tatu, nimekutuma mpaka bando limeisha!" Muuza nyanya mmoja wa wale waliowapigia watoto kelele akaniita bibi wa stika, akaniongezea fungu. Kanisani akina mama wakapiga picha na mimi. Unadhani nilikasirika? Nilitembea kifua mbele. Nilimwomba kila mwenye simu anionyeshe.

Kwa Elieshi sikupanda. Maharage tuliyopanda baada ya muvi yalitoa maua, yakakomaa, yakavunwa, na sisi hatujasemezana. Nilisikia anakohoa. Nikampa mtoto wa jirani maziwa ampelekee, sikwenda na miguu yangu.

Alikufa asubuhi moja, saa ya kukamua ng'ombe.

Nilipanda mbio na kanga moja. Nilipofika watu walishaanza kukusanyika, viti vinashushwa, mlima haujafunguka, wingu limekaa juu ya migomba. Binti yake, Furaha, alikuwa amekaa chini ukutani na simu mkononi. Nilitaka kumkumbatia. Alininyooshea simu kwanza.

Kwenye kundi la simu la ukoo walikuwa wameweka picha ya Elieshi, ile aliyofunga mdomo ili pengo lisionekane, na chini yake tangazo la kufariki. Na chini ya tangazo, mwanangu, mimi. Mdomo wazi, chozi linashuka. Halafu mimi tena. Halafu mimi, mimi, mimi, Furaha anasukuma kwa kidole sijaisha. Watoto wa ukoo walioko Dar es Salaam na kwingineko walikuwa wanatoa pole, na siku hizo pole ilikuwa ni kutuma ile. Hawakuwa na ubaya. Wengine hawakujua hata kuwa yule bibi ni wa damu yao.

"Mama mdogo," Furaha akasema, "huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hapa ulikuwa unamlilia nani?"

Ningemwambiaje? Kwamba nilikuwa namlilia Elibariki, ambaye maiti yake aliiosha mama yake huyuhuyu Furaha? Nikasema, "Ule ulikuwa mchezo tu, mwanangu."

Akaizima simu. Hakuwa na hasira, angekuwa na hasira ningepata pa kushika. "Basi leo mama mdogo usitulilie. Kaa tu na sisi."

Mimi ndiye niliyekuwa naitwa msiba ukitokea mteremko huu wote, niwashike wafiwa, nianzishe wimbo. Nimezika nao baba zao na mama zao. Dada yangu mwenyewe nikaambiwa nikae tu.

Nikakaa. Siku ya kuzika, jeneza linashuka, machozi yakaanza kupanda. Nikajiambia haya ni ya kweli, haya ni ya Elieshi. Na papo hapo nikasikia kichwani mwangu ile sauti, "Bibi, tena." Nikashindwa kujua. Nakuapia, nilishindwa kujua kama namlilia dada yangu au nalia kwa sababu macho yangu yamezoea kuamrishwa. Nilipoinua uso, binti mdogo upande wa pili wa kaburi alikuwa amenyanyua simu ananilenga. Nikajifunika kanga kichwa kizima. Udongo ulipigwa sikuuona, niliusikia.

Upendo alikuja baada ya siku chache, amevimba macho. Akaniambia amejaribu kuifuta ile stika, haifutiki, iko kwenye simu za watu asiowajua. Nikamwambia najua. Hata Furaha sikumlaumu kwa neno lake. Tunasalimiana. Hajaniita tena mahali.

Mwaka huu wale watoto wamerudi. Wamekua, wana simu nzuri zaidi, na watu wanawaulizia sehemu ya pili. Upendo alikaa palepale jikoni, akazunguka na habari nyingi, mwishowe akasema. Bibi wa kwenye muvi anakwenda kaburini kwa mjukuu wake. Kipande kifupi tu.

Nikamwambia, "Sitalia mbele ya simu yako, wala ya mtu mwingine."

"Hata kwa mgongo tu, bibi? Uso hatuuonyeshi."

"Nyumba chukueni. Kuku chukueni, ng'ombe, migomba, nitawapikia mpaka mmalize. Nitacheka mbele ya hiyo simu, nitatukana ukitaka. Hilo moja hapana."

Sasa wewe unayesoma, nawe labda una daftari lako na wenzako na kipaza sauti kimevaa soksi, nisikilize. Tengeneza muvi yako. Sikukatazi, wala sisemi simu ni ya shetani, niliwaona wale watoto wakifanya kazi ambayo watu wazima wangeikimbia. Lakini unapomwomba mtu akulilie, muulize kwanza atakwenda kuyatoa wapi hayo machozi. Akikwambia ni kwenye kaburi lake, mwache, mtafutie maneno ya kusema badala yake. Na usikate uso wa mtu ukautoa kwenye habari yake kwa kuwa wateja hawaji. Ukishaukata utakwenda mahali ambapo wewe huwezi kuufuata kuurudisha. Bora muvi yako itazamwe na ndugu zako tu na mmoja amelala.

Nawe unayeombwa, hata kama ni mjukuu anayekuomba na umempenda kuliko macho yako, kumbuka unaruhusiwa kukataa. Mimi sikujua kuwa naruhusiwa. Na mkubwa wako akikukanya kwa sauti ya chini, usimtafutie mzaha wa kumuumiza. Ukiwa umeshausema, panda mlima siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na hatua chache tu za kupanda.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla hujamwona kwenye kioo cha simu. Akupe wenzako wasiokuacha makaratasi yakilowa mvua. Ukizeeka, uwe na watu wa kukulilia, na wewe uwe na machozi ya kuwapa watu wako, yakiwa yako, hayajaguswa.

Upendo ameniuliza tena jana, kwa upole, amenishika mkono. Nimemjibu vilevile, na wewe nakujibu kabla hujafika getini. Sitalia mbele ya simu yako, wala ya mtu mwingine.