Kwera Aliyechorwa na Kendi

Juzi, mbele ya kibanda kimoja hapa Nchiru, nilimwona msichana wa chuo akiwafundisha watoto kuchora ndege kwa rangi za akriliki. Nilisikia ile harufu ya rangi mbichi, nikajikuta mtoto tena nyumbani Kibirichia, katika chumba alicholala dada yangu Kendi.

Alikuwa mgonjwa, na hakuwa akitoka nje tena. Mvua ilipiga mabati, na harufu ya viazi vilivyochemka ilitujia kutoka jikoni. Aliushika mkono wangu wenye brashi.

"Weka rangi nzito kwanza," alisema. "Ikikauka, manjano inakuja juu. Usiharakishe."

Tulichora kwera, yule ndege mweusi mwenye manjano mabegani. Kila mara Kendi alifumba macho, nami nilidhani anangoja rangi ikauke.

Jioni Mama alirudi kutoka Meru mjini, alikokwenda kuchukua majibu ya daktari. Alimtazama yule ndege, akaketi kitandani na kulia. Niliona matone ya manjano kwenye shuka, nikaficha mikono yangu.

"Mama, nitaifua," nilimwambia.

Alinivuta kifuani. Kendi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Mwache tu, Mama. Kesho nitamfundisha kuchora mwewe."

Kesho hiyo hakuweza kuinuka, wala siku zilizofuata. Tulipomzika, shangazi alinibeba akiwaambia watu kwamba hata mtoto ameelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nalilia mwewe wangu.