Mteja wa Pili wa Kabureta

Juzi nilikuwa Msamvu, kwenye duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi, nikisubiri plagi ya pikipiki yangu. Akaingia kijana mwenye grisi hadi viwikoni.

"Shikamoo mzee. Ile kabureta ya lori la jeshi bado ipo?"

"Marahaba. Ipo." Mzee akashusha boksi kutoka rafu ya juu. "Leo unachukua?"

"Hapana, yangu ninayo. Kuna mtu mwingine ameiulizia?"

"Hakuna. Hata wiki iliyopita nilikwambia hakuna."

Nikamwuliza kijana kulikoni. Akasema alilinunua lori hilo la zamani likiwa chuma chakavu, akalifufua mwenyewe, na kila Jumapili analiendesha njia ya Kisaki. Marafiki zake hupiga nalo picha, kisha huenda zao.

"Likipanda mlima linatoa mlio fulani," alisema, akauigiza kwa koo, taratibu, mpaka mzee akaacha kutafuta plagi yangu. "Sina wa kumwuliza kama na lake linalia hivyo."

Akalifuta boksi vumbi kwa mkono wa shati, akaliweka rafu ya mbele, linapoonekana tangu mlangoni.

"Akitokea, mzee, usimuuzie kwanza. Nipigie."

Pikipiki yangu ni ya aina ambayo nusu ya mji inayo, na kutwa nailalamikia. Basi, msomaji, kama una lori la jeshi limelala uani kwako, pita Msamvu uulizie kabureta. Si lazima uinunue.