Fundi wetu alipotea, lakini kompyuta yake iliendelea kujibu kila asubuhi

Wakuu, salaam kwenu. Sogezeni chai karibu. Ninayosimulia yalinikuta mimi mwenyewe hapa Uvira na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wenye habari bado tunapishana nao sokoni.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza aanzie wapi kujifunza PowerShell, ile lugha ya kuiamuru kompyuta kwa maandishi. Mimi nilianzia kwenye script, yaani faili la amri, ya mtu aliyepotea. Simshauri mtu aanzie huko.

Twende.

Miaka ile ya vita nilikuwa msaidizi wa informatique, mambo ya kompyuta, kwenye ghala moja la dawa kule Kalundu, karibu na bandari. Dawa zinakuja na boti za ziwani, sisi tunazigawa kwa vituo vya afya vya uwanda wa Ruzizi na vya kule juu milimani.

Tulikuwa na kompyuta kumi na nne, server moja, na jenereta moja yenye kisirani.

Bosi wangu alikuwa Papa Edmond. Mtu wa hamsini na kitu, shati limechomekwa hata siku ya joto kali, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea. Alikuwa mpole mpaka unamwonea huruma.

Mimi nilikuwa fundi wa kubofya. Mfanyakazi mpya akija, nafungua account yake kwa mouse, hatua kwa hatua, dakika ishirini. Papa Edmond kazi hiyo hiyo anaandika mistari mitatu, anabonyeza Enter, anaenda kunywa chai.

Kila wiki ananiita Petit, yaani mdogo, ananiambia:

"Petit, kuja ukae hapa nikuonyeshe script. Siku moja minye sitakuwako."

"Kesho, Papa."

Hiyo kesho yangu ilichukua miaka miwili. Uvivu tu, wakuu, sina neno lingine la kuupamba.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana kisa chote kimelala hapo.

Barabara ya uwandani ilikuwa haiaminiki. Mtu analala kwao Sange, asubuhi risasi zinalia, hafiki kazini, na hakuna anayejua kama amekwama au ndiyo basi. Papa Edmond akatunga dawa yake. Kila kompyuta ikiwaka, kinatokea kidirisha:

"Minye nimefika. Weye uko?"

Ndicho Kiswahili chetu cha huku, minye ni mimi, weye ni wewe. Chini yake kitufe kimoja tu: NIKO. Ukibofya, inaandikwa kwenye faili la server. Saa mbili kamili asubuhi Task Scheduler, kengele ya ndani ya server, inaamsha script, na printa ya sekretarieti inatoa karatasi yenye waliojibu na wasiojibu. Asiyejibu, tunaanza kumtafuta siku hiyo hiyo. Dereva wetu mmoja alipatikana kwa njia hiyo, amejificha kwenye shamba la mpunga, hai.

Basi Jumatatu moja Papa Edmond akaaga kwamba anaenda Sange kutengeneza kompyuta ya kituo cha afya. Mchana wake barabara ya Sange ikachafuka. Minibasi zikarudi tupu, watu wakarudi kwa miguu na magodoro kichwani.

Papa Edmond hakurudi.

Kesho yake nikawasha jenereta kama saa moja na robo. Kompyuta yake alikuwa ameiseti iwake yenyewe umeme ukirudi, na iingie kwenye account yake bila kuuliza password. (Watu wa security msinipigie kelele, najua.)

Saa mbili printa ikatoa karatasi. Mstari wa kwanza kabisa: EDMOND, amejibu.

Nilifurahi, nikajua amefika. Nikaenda chumbani kwake mbio.

Kiti kilikuwa kitupu. Mfuko wake haupo. Kwenye skrini kidirisha kimeshafungwa, picha ya ziwa tu inanitazama.

Siku ya pili, EDMOND amejibu. Ya tatu, amejibu. Niliuliza kila mtu nani anabofya, wote wakaapa si wao. Watu wakaanza kupita mlango wa nyuma ili wasikatize mbele ya kile chumba. Mtu wa stoo akaja na maji ya baraka kwenye chupa ya soda, akanyunyiza kizingiti. Nikamwomba asifike kwenye kibodi.

Jioni moja kabla ya kufunga nikalaza kalamu juu ya mouse. Asubuhi nikaikuta pembeni, imenyooshwa vizuri sambamba na kibodi, jinsi Papa Edmond alivyopenda vitu vyake vikae.

Mtauliza kwa nini sikukaa nikalinda. Niliogopa. Nikishawasha jenereta nilikuwa nakimbilia stoo kujifanya nina kazi.

Siku ya nne akaja mke wake, Mama Sifa. Alisimama mlangoni na kitambaa chake kichwani, hakukaa.

"Petit, nasikia ordinateur yake inajibu. Ni kweli?"

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu peke yangu. Badala ya kusema sijui, nikataka kuonekana mtaalamu. Nikamwambia inawezekana kabisa Papa yuko mahali penye mtandao, anaingia kwa remote, yaani akiwa mbali. Nililitamka hilo neno remote kwa madaha.

Uso wake ukafunguka.

"Basi iko muzima," alisema. "Kama anajibu, iko muzima."

Akawarudisha shemeji zake waliokuwa wanazunguka Sange kumuulizia. Akina mama wa kanisa walipokuja kukaa naye, akawaambia hapa hakuna kilio, waende kwao. Na kila asubuhi alikuwa anapita getini kuniuliza kama amejibu. Namwambia amejibu, Mama. Anaenda zake sokoni.

Wiki ya nne meneja akachoka. Akaniamuru nizime ile script kabla wafanyakazi hawajatoroka wote.

Lakini script hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inatunza nakala za stoo. Ningekata vibaya, tungepoteza hesabu ya dawa zote. Nikawa sina ujanja. Nikafungua faili.

Mistari tisini na sita. Na juu kabisa, mbele ya alama ya # inayoiambia mashine iruke mstari huo, maneno haya:

# Petit, kunywa maji kwanza. Kisha soma polepole.

Nilisogeza kiti nyuma, wakuu. Alijua. Alijua kwamba siku nitakayofungua faili hili, yeye hayupo.

Nikanywa maji.

Ndivyo nilivyojifunza scripting. Kila mchana, saa moja, nakaa na faili lake upande mmoja na Get-Help, maelezo ya PowerShell yenyewe, upande mwingine. Nikajua Get-Content inasoma faili, foreach inapita jina kwa jina, if inauliza swali. Nilipokosea mabano nilitukana kwa lugha tatu. Na kila nilipokwama nakuta maelezo yake pale pale, kama vile amevuta kiti kando yangu. "# Hapa utachanganyikiwa. Ni kawaida." Kuna siku niligeuka kutazama nyuma.

Wiki mbili zikaisha hivyo. Ndipo nikafika kwenye $env:COMPUTERNAME.

Wazoefu mshacheka. Kwa wengine: hiyo inachukua jina la mashine. Haichukui jina la mtu. Yeyote atakayebofya kwenye kompyuta ya Edmond, script inaandika Edmond.

Kwa hiyo kulikuwa na kidole. Cha mtu mwenye damu.

Asubuhi iliyofuata nikawasha jenereta, nikavua viatu, nikajibanza nyuma ya maboksi ya serum, maji ya dripu, yaliyokuwa chumbani kwake. Kompyuta ikaunguruma, ikawaka yenyewe. Kidirisha kikatokea. Minye nimefika. Weye uko?

Nikasikia kandambili.

Akaingia Mama Anjelani, sekretari wetu, mwenye funguo za mlango wa mbele, na kitambaa cha vumbi mkononi. Akapangusa skrini taratibu, kama anapangusa uso wa mgonjwa. Akanyoosha vitu mezani. Akabofya. Akasema kwa sauti ndogo:

"Iko njiani."

Lazima niwaeleze. Kwetu, majina yakiitwa, shuleni, kanisani, popote, na jirani yako hajafika, unamjibia: iko njiani. Wakati wa vita hili lilikuwa karibu sheria. Hakuna anayesema mtu hayupo. Neno hilo lilikuwa zito, hakuna aliyetaka litoke kinywani mwake.

Nilitoka nyuma ya maboksi. Mama wa watu nusura aanguke.

"Mama Anjelani, ni weye? Siku zote hizi? Na ulikataa!"

Akaanza kulia.

"Nilikataa juu niliona haya. Ningefanya nini? Nikibonyeza, iko njiani. Nikiacha, ile karatasi inasema ni mufu. Minye siwezi kumuzika muntu na kidole."

Nikamsogezea kiti. Hata mimi ningebofya.

Nikarudi kwenye faili nimalize mistari iliyobaki, nikiwa nimetulia sasa, najiona mpelelezi. Mstari uliofuata:

# Kila muntu ajijibie. Musimujibie mwenzenu, hata kwa huruma.

Na chini yake kulikuwa na kihesabio. Kila siku ya kazi ambayo EDMOND hajajibu, kinaongeza moja. Akijibu, kinarudi sifuri. Kikifika saba, script ichapishe faili linaloitwa barua.

Nilisoma mara tatu nikihakikisha sijakosea.  Nikafungua barua.

"Mama Sifa, unisamehe. Sikuenda Sange. Nimepanda Bijombo kumuchukua mama. Ningekuambia ungenizuia, na siku hizi ukisema unapanda kule kila muntu anauliza uko upande gani. Kama unasoma hii, siku saba za kazi zimepita na sijarudi. Mutume watu kwa nyumba ya catéchiste, chini ya centre de santé. Wasikuje mikono mitupu, walete dawa."

Wiki sita, wakuu. Tumemtafuta Sange, kumbe yuko mlimani, upande mwingine kabisa. Na barua ilikuwa tayari siku zote, inangoja tu tumwache asijibu.

Mama Sifa nilimwambia kwa mdomo tu kwamba Papa yuko Bijombo, na wabebaji wawili wa ghala walipanda siku hiyo hiyo na mfuko wa dawa. Walirudi baada ya siku tano na mama yake, kikongwe, wamembeba kwenye machela.

Papa Edmond alipigwa risasi ya mguu njiani wakati wa kupanda. Akafikishwa kwa catéchiste. Kituo cha afya cha pale hakikuwa na dawa hata moja, jeraha likaoza. Wabebaji walipofika, kaburi lilikuwa la siku tisa.

Ghala lote nililokalia lilikuwa limejaa antibiotiki.

Mama yake hakupiga kelele. Alitukalisha, Mama Sifa akiwemo, akatueleza jinsi mwanawe alivyokuwa anahesabu kwa vidole.

"Alisema iko mashine moja kule Kalundu. Siku ya saba itawaambia, siku ya kumi watafika. Siku ya kumi ikapita. Akasema labda jenereta imekufa. Alikuwa anaitetea mashine yenu mpaka mwisho."

Mama Sifa alinitazama mimi. Si Mama Anjelani, ni mimi.

"Weye uliniambia anajibu."

Nilipiga magoti. Hakunitukana. Aliinua mkoba wa mama mkwe wake, wakaenda nyumbani kulia kilio chao kilichochelewa. Hiyo sentensi yake ninayo mpaka leo, naisikia hata nikinyoa ndevu.

Tangu nilipomfuma Mama Anjelani hakuna aliyegusa kompyuta ile. Sikuizima. Kila asubuhi inawaka yenyewe, inauliza, haijibiwi, na karatasi inatoka: EDMOND, hajajibu. Mama Anjelani anaipokea, anaigeuza uso chini. Matangani huko nikasahau habari ya kihesabio.

Siku ya saba, saa mbili kamili, tumekaa wote sekretarieti, printa ikatoa karatasi yake ya kawaida. Ikanyamaza. Kisha ikaanza tena.

"Mama Sifa, unisamehe. Sikuenda Sange."

Script ilifanya kazi bila kosa hata moja, kama alivyoiandika. Mama Anjelani alitoka nje. Mimi nilisubiri wino ukauke, nikaikunja, nikampelekea Mama Sifa mwenyewe nyumbani kwake kwa miguu. Aliisoma yote mlangoni, akaniambia niingie nile.

Nilichojifunza ni kifupi. Ukiachiwa script, isome yote leo, kabla hujaihitaji. Ukimwona mzee anakuita ukae karibu akufundishe, kaa. Na kama hujui, sema hujui, hasa kwa mtu ambaye atalala usingizi kwa jibu lako.

Script yake bado naitumia. Nimeibadilisha ichukue jina la mtu, na kila mtu anaandika neno lake la siri. Ule mstari wake wa kujijibia nimeuacha pale pale, na ule wa kunywa maji pia.

Wakuu, uwanja ni wenu. Wenye script za kurithi semeni mlikuta nini ndani. Wenye matusi yangu leteni, nitayasoma yote. Ila tafadhali kila mtu aandike mwenyewe, asimsemee mwenzake.