Akina Pevelthorpe wa Kisauni

Iko siku moja ya hapa hapa Riyadh, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona haya, ingawa mvi zimeshanijaa na wengi waliohusika wameshatangulia. Nilikuwa kijana, dereva wa lori la friji katika mabohari ya Al-Sulay. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha lori nikisubiri kupakiwa, ndipo Mzungu mmoja akatoka ofisi ya getini ameshika ikama yangu, kile kitambulisho cha ukaazi.

"Pevelthorpe ni nani hapa?" akauliza.

Hakuna aliyeitika, maana kazini pale hakuna aliyenijua kwa jina hilo. Waarabu hawana P wala V katika herufi zao, basi karani aliyenitengenezea makaratasi aliandika alivyoweza, na kwa Kiarabu nikawa Bifilthurb. Wakenya wenzangu nao walichoka kulitamka, wakaniita Pevu. Nikainua mkono.

Mzungu akanijia, akanitazama, kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau.

"Mama yangu," akasema, "alizaliwa Pevelthorpe."

Tulimwita Mister Leonard. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya baridi, ameletwa kwa mkataba kutoka Uingereza; mtu mrefu, mjane, mwenye maneno machache isipokuwa katika jambo moja tu, nalo ni jina la mama yake. Wako watu wanaokusanya stempu. Yeye alikusanya jina. Alinieleza pale pale, jua likituchoma, kwamba zamani sana, mashariki ya Uingereza karibu na bahari, palikuwa na kijiji kidogo kikiitwa hivyo. Mtu akitoka pale kuhamia kwingine aliitwa kwa jina la kwao, kama sisi tunavyosema fulani wa Rabai. Baadaye kijiji kikafa. Watu wakahama, mashamba yakageuzwa malisho ya kondoo, pakabaki mawe ya kanisa. Jina likaendelea kuishi, lakini kwa watu wachache mno: nyumba kadhaa katika miji miwili ya jimbo lile lile, na kizazi cha ndugu mmoja aliyehamia New Zealand. Mister Leonard aliwajua wote. Alikuwa nao ndani ya daftari la jalada la buluu, ukoo kwa ukoo.

"Sijapata kusikia kuna Pevelthorpe Afrika," akasema. "Nyinyi mlilipataje?"

Swali lilikuwa jepesi, mwanangu, na jibu nililijua tangu utotoni. Kwetu ni Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika mtaa uliojengwa na wamisionari kwa ajili ya mateka waliokombolewa. Baba wa babu yangu, Yakobo, alikamatwa huko bara akiwa mtoto, akauzwa, akatiwa chomboni. Manowari ya Waingereza ikakikamata chombo kile, na watoto wakashushwa Kisauni. Hapo ndipo alipobatizwa na kupewa jina. Sisi wajukuu tulilirithi pamoja na aibu yake. Shuleni, watoto wa mjini walituita mateka, na walipotaka kutukata maini kabisa walitutupia ile methali: mwacha asili ni mtumwa. Nilikua nikiichukia methali ile kuliko tusi lolote.

Basi Mister Leonard aliponiuliza, nilimjibu hivi: "Baba wa babu yangu alikuwa Mwingereza. Mhubiri. Aliitwa John."

Huyo John sikuambiwa na mtu. Nilimwokota tu, kwa kuwa nilidhani kila Mwingereza wa zamani alikuwa John.

Mister Leonard akaandika. Akalipigia jina lile mstari mara mbili kwa furaha, nami nikaona nimefanya jambo dogo lisilomdhuru mtu. Baada ya wiki moja akamwomba bosi anitoe kwenye lori nimwendeshe yeye katika gari dogo. Nikaacha kulala njiani, nikaacha kubishana na wapakiaji, nikawa nakunywa chai ofisini kwenye kiyoyozi. Wenzangu wa mtaa huu wetu wa Manfuha walinitania, "Mwingereza wetu amerudi," nami, niseme ukweli, utani ule ulinikaa vizuri kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo changu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi miwili.

Asubuhi moja Mister Leonard aliingia garini na barua mkononi. Tulipofika njia panda kubwa ya kwenda kazini ndipo akaikunjua.

"John Pevelthorpe alikuwapo kweli," akasema. "Alikuwa mhubiri, na aliwahi kusafiri pande za Afrika. Aliacha mke na watoto nyumbani. Mjukuu wake yu hai, bibi mzee sana. Nilimwandikia habari zenu."

"Amesemaje?"

"Ameishusha picha ya babu yake ukutani. Anasema amewafundisha wanawe maisha yao yote kumheshimu mtu ambaye kumbe hakumjua."

Taa ya barabarani ilikuwa nyekundu. Ningeweza kusema kabla haijageuka. Maneno yenyewe hayazidi matano. Ikageuka kijani, nikakanyaga mafuta.

Mwezi ule ule alipata kazi ya kukagua bohari la Jeddah, na akakumbuka kwamba niliwahi kumtaja ndugu yangu anayefanya kazi huko. Alitaka kumsalimia. Ndugu mwenyewe ni Dada Rhoda, binti wa ami yangu, muuguzi, aliyenizidi miaka kumi na mitano na kunibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nikampigia simu kwa siri.

"Dada, kuna Mzungu nitamleta. Akikuuliza, mwambie mzee wetu alikuwa Mwingereza."

"Mlete," akasema, akakata simu.

Tukasafiri. Pale barabara inapogawanyika tukashika ile ya kuizunguka Makka, ya sisi tusio Waislamu, na kesho yake alasiri tukawa Balad, mji wa kale wa Jeddah, katika nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe. Ilikuwa nyumba ya Bi Salma, rafiki wa Dada Rhoda, ambaye wazee wake walimtoa Unguja baada ya Mapinduzi angali msichana. Kwa mila za kule haikufaa Dada Rhoda apokee wanaume peke yake, basi Bi Salma akatukaribisha kwake, akaleta kahawa ya tangawizi na kaimati, akakaa nasi.

Mister Leonard akafungua daftari. "Ningependa kusikia habari za John," akasema kwa adabu.

"Kwetu hakuna John," Dada Rhoda akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Kuna Yakobo. Alikuwa mtoto mtumwa, akakombolewa. Wamisionari walimpa jina la mama mmoja wa kwenu aliyekuwa akituma sadaka ya kumlea. Mama huyo hakufika Mombasa hata siku moja. Bibi alituambia aliitwa Miss Pevelthorpe, hakuolewa. Zaidi ya hapo hatujui. Wala jina ambalo Yakobo alipewa na mama yake mzazi hatulijui."

Mister Leonard hakunitazama. Alishika kalamu, akachora mstari mmoja mrefu juu ya yale aliyokuwa ameandika.

Ndipo dada akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, pole pole, bila kupaza sauti.

"Elifasi, unaikumbuka ile methali waliyokuwa wakitupiga nayo?"

"Naikumbuka, dada."

"Walitupiga nayo bure. Yakobo hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Wewe nani amekunyang'anya? Umeiacha mwenyewe, mchana kweupe, kwa mikono yako miwili. Na ili uiache vizuri umempaka matope maiti wa watu ambaye hana kinywa cha kujitetea. Sasa niambie, methali ile ni ya nani?"

Bi Salma akaingilia, huku akinijazia kikombe ambacho sikukiomba. "Kunywa, mwanangu. Huku Hijazi kila ukoo unaitwa kwa mahali ulikotoka, na wako waliotoka pabaya. Hawakubadilisha kibao cha mlangoni. Ukibadilisha kibao, ndugu yako akikutafuta atapotea."

Siku ya kurudi Riyadh, Mister Leonard, aliyezoea kukaa mbele pembeni yangu, alifungua mlango wa nyuma. Safari ya siku nzima, naye nilimwona kwenye kioo tu. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Tulipofika niliomba mwenyewe nirudishwe kwenye lori. Kisha nikanunua karatasi, nikamwandikia yule bibi wa Uingereza kwa mkono wangu kwamba mimi ni mwongo, kwamba babu yake hana kosa, na kwamba namwomba radhi yeye na watoto wake. Niliiandika mara tatu, maana kila mara nilijikuta natafuta kisingizio cha kuchomeka. Ya mwisho haikuwa na kisingizio. Nikampa Mister Leonard, akaisoma, akaitikia kwa kichwa, akaituma.

Miezi ikapita. Siku moja nafunga milango ya lori pale Al-Sulay, nikamwona anakuja na bahasha. Akasimama karibu nami kama zamani.

"Katika daftari langu," akasema, "wanawake wasioolewa niliwaandika kwa mstari mmoja mmoja tu. Nilidhani hawakuacha kizazi. Baada ya maneno ya dada yako nikaanza kuuliza habari zao."

Alimpata Miss Agnes, mwalimu wa shule, ndugu wa babu wa mama yake. Sanduku lake lilikuwa katika nyumba ya mmoja wa jamaa, halijafunguliwa na mtu. Ndani yake kulikuwa na barua kutoka Kisauni. Mister Leonard alikuwa amenakili moja, akanipa nisome. Mwalimu wa misheni aliandika kwamba mtoto ni mzima, anajifunza useremala, na amepewa jina la mfadhili wake. Halafu ukafuata mstari huu: mwenyewe hupenda kutuambia kwamba jina lake ni Mposa, na kwamba kwao ni kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani.

Nilikaa chini, mwanangu, juu ya saruji ya moto.

"Nimehesabu," Mister Leonard akasema, na safari hii akatabasamu. "Kwa hesabu ya dada yako na yangu, akina Pevelthorpe walio wengi duniani leo wako Kisauni. Ni watoto wa Miss Agnes." Na yule bibi mzee alikuwa ameirudisha picha ukutani, akaniletea salamu fupi: Nimekusamehe, usirudie.

Nilimpigia simu Dada Rhoda. Akanitaka nilisome jina lile herufi kwa herufi. Kisha akalitamka mwenyewe mara tatu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Akaniambia kitu nilichokuwa nimekisahau: kwamba bibi yetu kila alipowaombea marehemu alianza na "Yakobo, ambaye jina lake Wewe unalijua." Tangu mwaka ule, kwetu Kisauni, maombi hayo tunayasema vingine.

Sasa nisikilize. Nawasikia vijana hapa Manfuha mnavyojieleza kwa watu. Huyu akiulizwa kwao husema mji mkubwa ulio jirani na kwao. Yule amemfanya baba yake mkulima kuwa mwalimu. Sikulaumu, ugeni ni mzito, na mtu anayedharauliwa mchana kutwa hutafuta pa kusimama. Lakini mficha uchi hazai. Mimi nilipoficha, sikupata ila chai ya ofisini na kiti cha gari dogo, na mzee wa watu akashushwa ukutani. Dada yangu alipofunua, jina lililopotea kabla babu yangu hajazaliwa likarudi nyumbani. Uongo wangu ungesimama, lile sanduku lingebaki limefungwa, kwa sababu hakuna ambaye angekuwa na haja ya kulifungua.

Kwa hiyo ukiulizwa umetoka wapi, sema. Kama ni pabaya, sema ni pabaya, na useme bila kuinama, maana aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Usiongeze mtu asiyekuwapo, usimpunguze aliyekuwapo. Usilisingizie kaburi la mtu, hata kaburi lililo mbali kiasi gani. Na ukishakosea, kwa maana utakosea, andika barua yako upesi na uondoe visingizio.

Mungu akulinde katika kazi za watu, mwanangu. Akujalie kafili, yaani mwajiri, mwenye utu na njia salama, akurudishe kwa mama yako akiwa hai na macho yake yanaona. Popote utakapoitwa, uitwe kwa jina lako, na uitike. Amina.