Nyota ya Shangazi Jeannine

"Shangazi, unajuaje umepatia, na rangi zote zimeangalia chini?"

Rosine alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, amechuchumaa kwenye gereji nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Sparkbrook, Birmingham. Shangazi Jeannine alikuwa anapanga sakafuni, kwa umbo la nyota, vipande vya vigae alivyovikata mwenyewe kwa nyundo, vidogo kama kucha, uso chini, mgongo juu. Kazi hiyo ya kupanga vigae, zelij, alijifunzia Fesi, Moroko, alikokwama miaka kibao baada ya kutoka Bukavu. Migongo yote ilikuwa udongo ule ule. Huwezi kujua kipi buluu, kipi kijani.

"Leta maji ya plasta," ndilo jibu alilopata.

Nyota hiyo ilikuwa ya ukuta wa Charanjit, Singasinga wa Kisumu mwenye mkahawa Ladypool Road. Ndiyo kazi ya kwanza ya vigae Jeannine kupewa Birmingham. Ikiharibika, basi, ni kuendelea kusafisha nyumba za wanafunzi Selly Oak mpaka magoti yagome.

Plasta waliyoimwaga juu ya migongo ilipokauka, Charanjit alikuja na wanawe kusaidia kugeuza. Wakainua bamba zima, wakapindua, Jeannine akapangusa. Nyota ikatokeza, buluu inayong'aa kama imelowa. Rosine alisahau kufunga mdomo. Ila mwali mmoja ulikuwa kijani.

"Mama," Charanjit alisema, "huyu mgeni ametoka wapi?"

"Nimekosea."

"Na mimi nilidhani umeinunua dukani, unaniuzia maneno tu."

Jeannine alikibandua kile kipande cha kijani, akakaa chini, akaweka kigae cha buluu juu ya chuma, akagonga ta, ta, ta, huku akiimba wimbo wa kwaya ya kanisani kwao. Kipande kikaingia kwenye pengo bila kusukumwa.

Charanjit akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. "Kumbe ni wewe kweli unayevikata. Basi, ukuta wa mlangoni pia ni wako."

Siku hizi Rosine anamaliza sekondari, na Jeannine hajagusa ndoo ya kusafishia nyumba ya mtu miaka mingi. Gereji imejaa nyota za watu. Jumamosi iliyopita wawili hao walikuwa chini ya ile nyota ya buluu mkahawani kwa Charanjit, wanakula chipsi masala, Rosine akamuuliza tena lile swali la zamani.

Jeannine alilamba pilipili kidoleni.

"Sijuake, hata leo. Siku nitajua mbele, kabla ya kugeuza, mupenzi, utamu utakuwa umekwisha, nitarudilia fagio."